FRED: kifaa cha bure cha kufuatilia nyumba, mikopo na riba, na mahali kinapoweza kukupoteza

FRED ni hazina ya takwimu ya Benki ya Hifadhi ya St. Louis, moja kati ya benki 12 zinazounda mfumo wa benki kuu ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 1991, na sasa ina mifululizo zaidi ya 800,000 kutoka vyanzo zaidi ya 100. Hulipi chochote, hulazimiki kujisajili ili usome au upakue, na hakuna matangazo. Kwa anayetaka kuona jinsi soko la nyumba, mikopo na riba ya benki kuu vinavyoupandisha uchumi na kuushusha, ni vigumu kutaja kifaa kingine, hata cha kulipia, kinachompa mengi kwa haraka kiasi hiki. Ila FRED ni ghala, wala si mwalimu. Itakuchorea grafu nzuri ya jambo lisilo na maana bila kukuonya. Kwa hiyo tathmini hii itakaa zaidi kwenye matumizi: ufungue mfululizo upi, uupange na upi, na wapi macho hudanganyika.

Anza na HOUST. Andika herufi hizo kwenye kisanduku cha kutafutia na utapata idadi ya nyumba zilizoanza kujengwa Marekani, mwezi kwa mwezi tangu Januari 1959. Soma maandishi madogo pembeni ya grafu kabla ya kitu kingine: takwimu ziko kwa maelfu, zimesawazishwa kwa msimu, na zimekuzwa kuwa za mwaka. Hilo la mwisho huwakwaza wengi. Januari 2006 grafu inaonyesha 2,273. Hazikuanza nyumba milioni 2.27 mwezi ule. Zilianza kama 189,000, na kama kasi ile ingedumu miezi 12 ndipo zingefika huko.

Hiyo 2,273 ndiyo ilikuwa kilele. Sasa sogeza kishale hadi Desemba 2007, mwezi ambao NBER, taasisi ya utafiti inayotambulika kwa kupanga tarehe za midororo ya Marekani, inauhesabu kuwa mwanzo wa mdororo. Utasoma 1,037. Zaidi ya nusu ya ujenzi mpya ilikwisha kupotea kabla uchumi haujahesabiwa kuwa umeanza kushuka. Mstari uliendelea kuteremka hadi 478 Aprili 2009, na mdororo ukaisha Juni mwaka huo. Katika kifaa kizima, hakuna grafu moja inayofundisha zaidi ya hii.

Baada ya hapo fungua CSUSHPINSA, kipimo cha bei za nyumba cha Case-Shiller kwa nchi nzima, na ukiweke kando ya HOUST. Bei zilifika kileleni katikati ya 2006, miezi kadhaa baada ya ujenzi. Kufikia Desemba 2007, wakati ujenzi umeanguka kwa zaidi ya nusu, bei hazikuwa zimeshuka hata kwa sehemu moja ya kumi. Ziligusa chini mapema 2012, takriban 27% chini ya kilele, karibu miaka mitatu baada ya mdororo kuisha. Sababu yake si ngumu. Mwenye nyumba hapendi kuuza chini ya bei aliyoizoea; akikosa mteja anangoja. Mkandarasi hana anasa hiyo. Ana kiwanja alichokikopea, na akiona nyumba alizomaliza haziuziki, haanzi nyingine. Mafundi wanarudi nyumbani, saruji inabaki ghalani, na maduka ya samani na majokofu yanaisikia hali hiyo muda mfupi baadaye. Kiasi huanguka kwanza, bei hufuata kwa kusuasua. Anayefuatilia bei peke yake atachelewa kila mara, na CSUSHPINSA inaongeza kuchelewa kwake yenyewe: kila nukta ni wastani wa miezi mitatu, na hutolewa takriban miezi miwili baada ya mwezi inaouhusu.

Ukitaka kujua kwa nini sekta ndogo hivi inautikisa uchumi mzima, fungua A011RE1Q156NBEA, yaani uwekezaji katika makazi kama asilimia ya Pato la Taifa. Jina ni la kuchosha, lakini grafu haina maneno mengi: zaidi ya 6.5% mwishoni mwa 2005, kisha karibu 2.5% miaka mitano baadaye. Sekta iliyochukua sehemu ndogo ya mapato ya nchi iliporomoka kwa pointi nne za Pato la Taifa. Matumizi ya chakula au matibabu hayawezi kufanya hivyo, kwa sababu mtu hawezi kuyaahirisha kwa miaka mitatu. Nyumba mpya anaweza.

HOUST ina kasoro tatu za kuzijua mapema. Ya kwanza ni kelele. Takwimu hutokana na sampuli, na mpishano wa mwezi mmoja wa 5% au hata 10% mara nyingi uko ndani ya ukingo wa makosa ya sampuli. Wanaotangaza kwamba "ujenzi umefufuka" kwa sababu ya mwezi mmoja wanasoma bahati nasibu. FRED haina kitufe cha wastani unaosogea, na huo ni upungufu wa kushangaza kwa kifaa cha hadhi hii. Njia ya kuuzunguka: bonyeza "Edit Graph", nenda kwenye sehemu ya marudio, badilisha kutoka mwezi kwenda robo mwaka, na hakikisha njia ya kujumlisha ni wastani. Au tumia PERMIT, vibali vya ujenzi, ambayo hutulia zaidi na kwa kawaida hutangulia kidogo.

Kasoro ya pili ni kwamba HOUST inachanganya nyumba za familia moja na majengo ya ghorofa ya kupangisha. Jengo la ghorofa hupangwa kwa miaka na hugharamiwa kwa mikopo ya kibiashara. Nyumba ya familia moja inategemea mnunuzi atakayekwenda benki wiki ijayo. Kama unachotafuta ni athari ya riba, tumia HOUST1F.

Ya tatu ni ukubwa wa nchi. Januari 1972 HOUST ilikuwa 2,494, na kwa jicho la haraka kilele cha 2006 kinaonekana kuwa cha jamii ileile. Gawanya kwa idadi ya watu uone. Ndani ya "Edit Graph", kwenye mstari uleule wa kwanza, ongeza POPTHM kisha andika fomula a/b*1000. Mwaka 1972 unapata karibu nyumba 12 kwa kila watu 1,000. Mwaka 2006 hazifiki 8. Angalia usibonyeze "Add Line" hapo. Kitufe hicho huongeza mstari wa pili unaojitegemea, na mistari miwili inayojitegemea haiwezi kuingia kwenye fomula moja. Ni kosa linalowapotezea wageni muda kuliko lingine lolote, na ukurasa hauelezi tofauti hiyo waziwazi.

Sasa riba. Wengi hufungua FEDFUNDS, riba ya muda mfupi inayoongozwa na benki kuu, wakaiweka juu ya HOUST na kudhani kazi imekwisha. Kwa miaka ya mwanzo wa 1980 inatosha: FEDFUNDS ilipita 19% mwaka 1981, riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ikafika 18.63% Oktoba mwaka huo, na nyumba zilizoanza zikaanguka chini ya 900,000 kwa mwaka. Sera ilibana, ujenzi ukasimama, mdororo ukaja. Ila nenda 2004 hadi 2006. Benki kuu ilipandisha riba mara 17, robo pointi kila mara, kutoka 1% hadi 5.25%. Fungua MORTGAGE30US kwa kipindi hichohicho: kutoka takriban 6.3% Juni 2004 hadi takriban 6.7% Juni 2006. Pointi nne na robo upande mmoja, chini ya nusu pointi upande wa pili. Alan Greenspan, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu, aliliita jambo hilo kitendawili mbele ya Bunge Februari 2005.

Maelezo ni kwamba mkopo wa miaka 30 wa riba isiyobadilika haufuati riba ya usiku mmoja, yaani FEDFUNDS. Unafuata hatifungani ya serikali ya miaka 10, DGS10, na hiyo inabeba matarajio ya soko kwa miaka mingi mbele. Walioumia haraka mwaka 2005 na 2006 ni wenye mikopo ya riba inayobadilika, ambayo imefungwa kwenye riba za muda mfupi. Kwa hiyo mnyororo wa kuchora una pete tatu: FEDFUNDS, DGS10, MORTGAGE30US. Pete moja ikilegea, sera haifiki nyumbani kwa mkopaji.

Pengo kati ya mbili za mwisho linastahili grafu yake. Fungua MORTGAGE30US, ongeza DGS10 kwenye mstari uleule, weka marudio kuwa ya mwezi kwa wastani (moja ni ya wiki, nyingine ya kila siku), na uandike a-b. Kwa miaka mingi pengo hilo limecheza kati ya pointi moja na nusu na mbili. Mwaka 2023 lilikaribia tatu. Sababu kubwa ni mbili: benki kuu, iliyokuwa imelimbikiza dhamana za mikopo ya nyumba (hati za uwekezaji zinazolipwa kwa marejesho ya mikopo hiyo) zipatazo dola trilioni 2.7, iliacha kununua. Na riba zilipokuwa zikiruka huku na huko, wawekezaji walidai fidia zaidi, maana mkopaji ana haki ya kulipa mapema riba zikishuka na kuwaachia hasara wao. Ukiona pengo linapanuka, elewa kwamba masharti yamebana hata kama benki kuu haijagusa chochote.

Kuhusu MORTGAGE30US yenyewe: inatoka Freddie Mac, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ni ya kila wiki tangu Aprili 1971, na Novemba 2022 njia ya kuikusanya ilibadilika, kutoka kuwauliza wakopeshaji hadi kutumia maombi halisi ya mikopo. Mstari hauonyeshi mshono wowote. Maelezo yapo chini ya grafu, mahali ambapo wachache huteremka.

FRED haikuambii riba hizo zina maana gani mfukoni, na hili inabidi ulifanye kwenye jedwali la kompyuta. Andika =PMT(3%/12,360,-300000) na utapata 1,264.81, badilisha 3% iwe 7% upate 1,995.91. Mkopo uleule wa dola 300,000, marejesho ya mwezi yamepanda kwa karibu 58%. Huo ndio umbali uliosafiriwa kati ya Januari 2021, riba ilipokuwa 2.65%, na Oktoba 2023 ilipofika 7.79%, kwa kweli safari ilikuwa ndefu kuliko mfano huu. Hakuna bidhaa nyingine ambayo kaya za kawaida hununua inayopandishwa bei hivyo na uamuzi wa benki kuu.

Onyo dogo kuhusu vipimo. Ukichagua "Percent Change" kwenye mfululizo wa riba, kifaa kitakubali bila kusita, na riba iliyotoka 0.1% hadi 0.3% itachorwa kama ongezeko la 200%. Kwa riba chagua "Change", ili tofauti ije kwa pointi. Kwa nyumba na mikopo ndipo asilimia ya mwaka hadi mwaka inafaa. Na ukihamishia mstari mmoja kwenye mhimili wa kulia, kumbuka kwamba mistari yoyote miwili ikinyooshwa vya kutosha itaonekana kufanana.

Upande wa mikopo ndio dhaifu zaidi, si kwa uzembe wa St. Louis bali kwa namna data zenyewe zilivyozaliwa. Kinachopaswa kutangulia ni masharti: je, mabenki yanabana au yanalegeza? DRTSCILM inajibu swali hilo kwa mikopo ya makampuni, kila robo mwaka tangu 1990, na ni mfululizo mzuri sana. Juu ya sifuri maana yake mabenki yanayobana ni mengi kuliko yanayolegeza. Kwa mikopo ya nyumba, hali ni ya viraka: swali la utafiti lilibadilishwa mwaka 2007 na tena mwaka 2015, kwa hiyo kuna vipande vitatu visivyoungana. Usiviunganishe kwa gundi ya fomula. Havipimi kitu kimoja.

Kwa kiasi cha deni, wengi hukimbilia REALLN, mikopo ya majengo kwenye vitabu vya mabenki, kwa sababu hutoka mapema. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mikopo ya nyumba ya Marekani huuzwa na kugeuzwa dhamana, hivyo haibaki kwenye vitabu hivyo. HHMSDODNS, deni lote la kaya la mikopo ya nyumba, inachelewa lakini inakamata kila kitu. Ilipita dola trilioni 10 kabla ya kuanza kusinyaa baada ya 2008. Na usidanganyike na miruko. Mfululizo wa CONSUMER, mikopo ya wateja binafsi kwenye mabenki, unapaa ghafla mwaka 2010, katikati ya ukata. Hakuna aliyekopa. Kanuni za uhasibu ziliyataka mabenki kurudisha vitabuni mikopo yaliyokuwa yameiweka nje.

DRSFRMACBS, asilimia ya mikopo ya nyumba iliyocheleweshwa marejesho, ilikuwa chini ya 2% mwaka 2005 na ikapita 11% mwanzoni mwa 2010. Inasomeka vizuri kama historia. Kama tahadhari haifai kitu, kwa sababu ilifika kileleni wakati mdororo umekwisha.

Tuje kwenye pau za kijivu, zile zinazoonyesha midororo nyuma ya kila grafu. Ndizo alama ya FRED na ndizo zinazopotosha kimyakimya. Pau ya Desemba 2007 haikuwapo Desemba 2007. NBER ilitangaza tarehe hiyo 1 Desemba 2008, mwaka mzima baadaye, na mwisho wa Juni 2009 ulitangazwa Septemba 2010. Ukiangalia leo jinsi HOUST inavyoanguka kwa utaratibu kuelekea ukuta wa kijivu, unaona kitu ambacho hakuna aliyekiona wakati huo.

Dawa yake iko ndani ya huduma hiyohiyo, na haitangazwi inavyostahili: ALFRED. Hii huhifadhi kila toleo la mfululizo kama lilivyochapishwa siku ile. Mfano wa kujaribu: ukuaji wa Pato la Taifa la robo ya nne ya 2008. Makadirio ya kwanza yalisema uchumi umesinyaa kwa 3.8% kwa kiwango cha mwaka. Baada ya masahihisho ya miaka iliyofuata, tarakimu imepita 8%. Mtunga sera aliyekaa mezani Februari 2009 hakuwa na hiyo ya pili. Ukitaka kupima kama nyumba kweli "hutabiri", tumia ALFRED. Ukitumia FRED ya kawaida utakuwa unajipendelea. Kiolesura chake ni cha kizamani na polepole, lakini kwa kazi hii hakina mbadala wa bure.

Na mtihani mgumu zaidi wa HOUST kama ishara ya mdororo ni wa karibuni. Kati ya Aprili 2022 na Januari 2023 HOUST iliteremka kutoka kama milioni 1.8 hadi kama milioni 1.3. T10Y2Y, tofauti ya riba za hatifungani za miaka 10 na 2, ilizama chini ya sifuri Julai 2022 na kubaki huko zaidi ya miaka miwili. Kwa historia ya grafu hizi, mdororo ulipaswa kufuata. Haukuja katika miaka hiyo miwili. Jibu liko kwenye mifululizo miwili ambayo wachache waliifungua. UNDCONTSA, nyumba zilizokuwa bado zinajengwa, ilisimama karibu milioni 1.7, juu kuliko wakati wowote kwenye rekodi, kwa sababu uhaba wa vifaa baada ya janga la UVIKO-19 ulikuwa umezichelewesha. Mafundi waliendelea na kazi, na USCONS, ajira za ujenzi, haikuanguka. Pili, wenye nyumba wengi walikuwa wameshika mikopo ya miaka 30 kwa riba ya 3% isiyobadilika. Kupanda kwa riba hakukugusa marejesho yao, na wala hawakuwa na sababu ya kuuza. Kwa hiyo bei hazikuporomoka na kaya hazikubanwa. Ongeza UNDCONTSA na USCONS kwenye grafu yako ya kudumu. HOUST peke yake inaeleza kazi zinazoanza. Mishahara hutegemea kazi ambazo hazijaisha.

Mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa ni pengo la wazi. Mwenye data hizo, chama cha mawakala wa nyumba, anaruhusu FRED kuonyesha takriban mwaka mmoja tu uliopita, hivyo historia yake huipati hapa. Badala yake tumia MSACSR, miezi inayohitajika kumaliza nyumba mpya zilizo sokoni, inayoanzia 1963. Ilipita miezi 12 mwanzoni mwa 2009.

Kwa nchi nyingine, FRED imebeba takwimu za Benki ya Malipo ya Kimataifa ya Basel, na misimbo ina mpangilio wa kurahisisha maisha. QUSR628BIS ni bei halisi za nyumba za Marekani. Badilisha US iwe GB, ES au AU upate Uingereza, Hispania au Australia. QUSHAM770A ni deni la kaya kwa asilimia ya Pato la Taifa, na herufi hubadilishwa vivyo hivyo. Linganisha kwa uangalifu: mahali ambapo mikopo mingi ni ya riba inayobadilika, au hufungwa kwa miaka miwili hadi mitano kisha kupangwa upya, uamuzi wa benki kuu hufika kwenye marejesho ya kaya haraka kuliko Marekani, na kuchelewa ulikokuzoea kwenye grafu za Marekani hakutakusaidia.

Anayetaka kusasisha grafu hizi bila kubonyeza aombe ufunguo wa API, njia ya programu ya kompyuta kuvuta takwimu moja kwa moja. Ni bure, na unaruhusu maombi hadi 120 kwa dakika. Kumbuka tu kwamba API huandika nukta mahali pasipo na takwimu, na programu isiyoandaliwa itaisoma nukta hiyo kama maandishi au, vibaya zaidi, kama sifuri. DGS10 ina nukta kila sikukuu.